Mstari Alioupinda Zakro Kasradze

Wasifu wa marehemu Zakaria Kasradze, ambaye sote tulimwita Zakro. Umeandikwa na mdogo wake, Tsiala, na kusomwa naye kijijini Kvalisi siku ya mazishi, Jumamosi tarehe 18 Novemba 2023.

Ndugu waombolezaji, mnivumilie, nitasoma kwa sauti kubwa. Sauti hii ndiyo iliyokuwa ikiwaita ng'ombe wetu kutoka ng'ambo ya kijito, na kwa sababu hiyo nimepewa kazi hii mimi badala ya Nestani, binti wa marehemu, aliyesoma kutuzidi sote. Si wafiwa wote wamefika hapa kwenye bustani ya matufaha. Wengine wako kule juu kilimani, nyuma ya seng'enge, na hawana karatasi ya kufuatishia. Wasikie.

Marehemu alizaliwa hapa Kvalisi tarehe 9 Mei 1941, mtoto wa kwanza wa marehemu Ilarioni Kasradze na marehemu Pelagia. Baba alikwenda vitani Zakro akiwa hajaota jino, akarudi na mguu mmoja. Mimi nilizaliwa mwaka 1946. Mama alikuwa akisema kwamba Zakro alijifunza kuchora kabla ya kujifunza kula kwa adabu; alichora kwa mkaa kwenye mlango wa zizi, akachora zizi lenyewe, akachora na njia ya kwenda kwa bibi, na bibi akamlalamikia kwamba nyumba yake imekuwa ndogo mno.

Masomo ya msingi aliyapata hapa kijijini, na ya sekondari mjini Gori. Ukutani mwa darasa lao palikuwa na ramani kubwa ya nchi yetu, Georgia. Jimbo la Waosetia, pamoja na kijiji jirani cha Saukau, lilipakwa rangi ya waridi na sisi wengine rangi ya kijani. Siku moja alinyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, Saukau ni waridi na Kvalisi ni kijani, na mbuzi wetu wanalala zizi moja. Mbuzi ni rangi gani?" Darasa likacheka. Mwalimu akamwambia, "Kaa chini, Kasradze. Rangi hizi hatukuzipaka sisi." Jibu hilo hakulisahau maisha yake yote. Mwaka 1959 alikwenda Tbilisi, mji wetu mkuu, kusomea upimaji wa ardhi, akahitimu mwaka 1963 kwa sifa.

Baada ya hapo alifanya kazi ya kupima na kuchora ramani katika wilaya yetu kwa miaka ishirini na minane. Mliowahi kuingia nyumbani kwake mnaujua ule ukuta wa sebuleni. Mgeni hakupewa kiti kabla hajaoneshwa ramani kwa kidole. Ya kwanza ilikuwa ya enzi za Tsari, mfalme wa Urusi: milima ipo, mito ipo, Kvalisi na Saukau zipo, na kati yao hakuna kitu. Ya pili ilikuwa ya baada ya mwaka 1922, Waosetia walipopewa jimbo lao, na hapo ndipo mstari ulipozaliwa, mwembamba, wa nukta nukta. Ya tatu alikuwa ameichora mwenyewe. Zilizofuata zilikuwa za baada ya vita vya kwanza na Waosetia, vya miaka ya tisini, na za baada ya vita vya 2008, na kila moja ilikuwa na ukweli wake: iliyochapwa Moscow ilionesha nchi mbili, iliyochapwa Tbilisi nchi moja, na za wageni wa mbali ziliweka vijinukta ili zisigombane na mtu. "Ramani ni kama shangazi mbea," alikuwa akisema. "Anakwambia alichosikia, halafu anaapa alikiona." Akishafika kwenye ile ya tatu, mkono ulikuwa ukishuka. Nitaieleza, kwa sababu yeye hakuificha.

Marehemu alifunga ndoa na wifi yangu, Azau, binti wa Mzee Bega wa Saukau, tarehe 12 Oktoba 1969. Walikutana kazini. Alikwenda Saukau kupima barabara, akasimamisha kile chombo chake cha miguu mitatu, na msichana akatoka na jembe mkononi. "Kaka, hicho kidude chako kimesimama juu ya vitunguu vyangu." Akakisogeza. "Sasa kiko juu ya maharage." Akakisogeza tena. "Kaka, wewe ndiye mpimaji kweli, au umeazima?" Barabara ile mpaka leo ina kona isiyo na maana pale nyuma ya bustani ya vitunguu. Hawakuwahi kuulizana nani Mgeorgia na nani Mwosetia. Waliulizana nani kaacha maziwa jikoni yakamwagika.

Mungu aliwajalia binti mmoja, Nestani, mwaka 1974. Kwenye karamu ya mtoto, Mzee Bega alikaa kichwani mwa meza na mikate mitatu ya jibini mbele yake, mitatu kama inavyopasa siku ya furaha. Alinyanyua pembe ya divai, akamwambia marehemu mbele yetu sote: "Mkwe wangu, wewe una kalamu. Kile kilima cha makaburi kiko upande wenu. Sisi Saukau tunawazika wazee wetu kama wapangaji. Mpe mjukuu wangu zawadi. Tupe kilima."

Watu wakapiga makofi. Mwenyekiti wa shamba la ushirika la Kvalisi alikuwepo, akasema kwa mdomo uliojaa nyama, "Chukueni! Mawe matupu, hata mbuzi hakitaki." Saukau wakatoa kondoo dume wa shukrani. Wiki iliyofuata kaka yangu alikwenda na vyombo vyake, akiwa mzima kabisa, hakulewa, akapima, na mstari uliokuwa unapita nyuma ya kilima akaupinda ukapita mbele yake, chini, kwenye miguu ya bustani hii mliyosimama. Bosi wake alitia sahihi bila kuinua macho, mvua ilikuwa inanyesha. Ilikuwa zawadi ya mtu anayempenda baba mkwe wake. Ng'ombe waliendelea kupita. Sisi wenyewe tuliendelea kupita. Kwetu mpaka ulikuwa kitu cha kwenye droo ya ofisi.

Wifi yangu Azau alifariki tarehe 3 Machi 2005, na kwa kuwa baba na mama yake wako kilimani, alizikwa huko. Zakro akaweka jiwe jeusi kama tunavyofanya, na sura zao wawili zimechongwa bega kwa bega. Chini ya sura ya Azau kuna miaka miwili, wa kuzaliwa na wa kufa. Chini ya sura yake yeye kuna 1941, kistari, na pengo. "Nimeshalipia chumba," alinitania. Kila Pasaka alipanda na mayai mekundu, akayaviringisha juu ya kaburi, akammwagia divai, akarudi jioni akinuka nyasi.

Kisha vikaja vita vya Agosti 2008, na miaka mitatu baadaye wakaja askari wa Urusi, walioshika upande wa Waosetia, na gari la nguzo za seng'enge. Walikuwa na ramani. Walifuata kila kona yake, hawakukosea hata kwa upana wa kiatu. Nilimwona kaka yangu amesimama pale kwenye mti wa mwisho, kofia mkononi, anaiangalia kazi yake inapigiliwa ardhini kwa nyundo. Kilima kilikwenda. Chemchemi ilikwenda. Mahindi ya majirani yalikwenda. Jirani mmoja alimpigia kelele barabarani, "Zakro, umetuuza kwa kondoo mmoja!" Kuna nyumba humu kijijini hazikumwalika tena mezani kwa miaka. Leo mmekuja wote, nami nimewaona, na nawashukuru.

Alijaribu kurekebisha. Kulikuwa na mkutano kwenye hema, pande zote mbili zimeketi, na marehemu akaenda na ramani ya pili chini ya kwapa. Akawaeleza kwamba mstari wa kweli unapita nyuma ya kilima. Ofisa wa upande ule akaikunjua ramani yake mwenyewe juu ya meza.

"Huu mstari nani kauchora, mzee?"

"Mimi."

"Ulilazimishwa?"

"Hapana."

"Basi unamlalamikia nani?"

Alirudi nyumbani, akaitoa ile ramani ya tatu ukutani, akaigeuza uso ukutani, akaitundika tena. Mimi nilimwambia aichome. Akaniambia, "Tsiala, ukiichoma hii, zao zitabaki." Tangu siku hiyo hakuchora hata njia ya kwenda sokoni.

Alichobaki nacho ni darubini ya kupimia. Aliiweka hapa bustanini, kwenye miguu yake mitatu, ikiangalia kilimani, na kila asubuhi alilitazama jiwe lao. Alinipa habari kwenye uji. "Leo theluji imenifika mabegani." "Leo kunguru kanikalia kichwani, Azau anacheka." Siku za Pasaka mayai mekundu aliyapitisha chini ya seng'enge, na shemeji yetu Soslan, mdogo wake Azau, akayapokea na kuyapeleka kaburini. Mwaka mmoja askari aliyakagua moja moja kama mabomu. Mwaka uliofuata Soslan alikatazwa kusogea. Kaka yangu alikaa na kikapu magotini mpaka jua likazama, kisha tukala mayai yale wenyewe.

Mwezi Februari mwaka huu alipatwa na kiharusi. Alitibiwa mjini Gori, akarudishwa nyumbani na mkono wa kulia umelala. Mkono wa kuchorea. "Umechelewa," aliuambia. Kuanzia Septemba hakuinuka tena. Aliomba jambo moja tu: apelekwe kwa Azau. Nestani aliandika kila alikoweza kuandika. Asubuhi ya Jumanne tarehe 14 Novemba alimuuliza binti yake kama ukungu umeondoka kilimani. Nestani akamwambia, "Bado, baba." Akasema, "Basi nitasubiri." Hakusubiri. Alikuwa na umri wa miaka themanini na miwili.

Jibu lilifika juzi: marehemu hana kibali cha kuvuka. Alikataliwa akiwa hai kwa kuwa angeweza kutoroka. Sasa amekataliwa na hawezi hata kujigeuza. Nina hasira, sitaificha mbele ya jeneza la kaka yangu. Kwa hiyo tunamlaza hapa, chini ya mti wa mwisho wa matufaha, mahali pa karibu kuliko pote. Kichwa chake tumekielekeza kilimani. Kati yake na mkewe kuna mteremko, seng'enge, na mstari alioupinda kwa mapenzi. Hapa kutakuwa na mtu bila jiwe, na kule kuna jiwe bila mtu.

Marehemu ameacha binti yake Nestani, wajukuu wawili, na mimi dada yake. Na upande wa pili ameacha shemeji yake Soslan pamoja na watu wa Saukau, ambao mkitazama juu mtawaona. Tafadhali msiwapungie mikono. Mnara wa askari unaona. Mbele ya Soslan iko mikate miwili tu ya jibini. Kwao siku ya msiba ule wa tatu hauokwi.

Jana Soslan alinipigia simu. "Shemeji Tsiala," akasema, "jiwe la Zakro lina mwaka mmoja tu. Nitaumalizia mimi. Wewe nisomee mwaka kwa sauti."

"Soslan, mwaka si unaujua?"

"Naujua. Nataka kuusikia kutoka kwenu."

Ana patasi na nyundo. Kwa hiyo, ndugu zangu, nikimaliza sentensi hii ya mwisho msiimbe, msilie, mnyamaze kabisa mpaka mmesikia jiwe. Apumzike kwa amani kaka yetu Zakro, hapa alipo na kule alipochongwa. Soslan! Elfu mbili ishirini na tatu. Gonga.