Mbio ya Parke na Chupa ya Sucré

Ba mama, ba papa, na ninyi vijana munasimama ku mulango, nashukuru kuona sura zenu. Pasta ameniambia niseme kwa ufupi. Amesahau kama miye ni shofere, na shofere hapendi njia ya mukato, juu kule njo kamyo inakwama. Basi munivumilie.

Kwa benye hawanijui: ninakaa Bel-Air. Nilizaliwa Kivu ya Kaskazini, na bibi yangu, mama ya batoto wangu, ni mutoto wa bantu ba Kasai benye banaishi hapa tangu zamani. Kazi yangu ilikuwa kuendesha kamyo ya kaka yangu mukubwa. Ninaenda Lukafu kubeba mahindi, ninarudia kuishusha ku depo yake mu Kampemba. Niliipenda ile kazi. Hata kama ku nyumba hakuna mutoto mwenye anakusikia, ukikamata volan, ile usukani, mbuzi yote ya barabara inakupisha.

Ugonjwa ilianza na kiu. Ninakunywa sucré, ile soda ya tamu, chupa juu ya chupa, na kila chupa inaniongezea kiu. Ninasimamisha kamyo kila kilima juu ya kukojoa. Nilikuwa ninachelewa sana, mupaka kaka yangu akauliza kama ninauza mahindi yake mu njia. Kisha kikaja kidole ya muguu. Kiatu ilinikwaruza, kidonda ikaanza kuoza, na miye sikusikia maumivu hata kidogo. Bibi yangu njo alisikia harufu.

Ku hospitali dokta aliangalia muguu, akaangalia majibu ya damu, akaniambia, "Papa, uko na ugonjwa ya sukari, na haiko ya leo. Hii kidole iko mu hatari. Kama unabaki kukaa tu, siku ingine tutaongea juu ya muguu muzima."

Nilisikia woga, ndugu zangu. Sisemi wasiwasi, nasema woga.

Kaka yangu akachukua ufunguo ya kamyo. Hakufanya vibaya. Nani anaweza kupatia kamyo muntu mwenye hajui kama muguu yake iko juu ya freni ya kuisimamisha? Aliniambia, "Siku nitakuona na macho yangu unakimbia, siku ile utarudia ku volan." Nikabaki ku nyumba, mwanaume muzima, ninachagua mchanga mu muchele na kusikiliza kamyo ya bantu ikipita.

Bibi yangu akaficha sukari. Akaambia batoto, "Mukiona papa anagusa kitu ya tamu, mupige kelele." Na ninyi hapa hamukubaki nyuma. Ku ndoa moja niliinua glasi, mikono ya ba mama ikatoka kila meza kuja kuikamata. Hata muntu mwenye hanijui vizuri alijua kama sukari ni sumu yangu. Ilikuwa mapendo. Ninasema vile mapema, musinielewe vibaya, juu ile mapendo karibu iniue.

Kidonda ilipopona, dokta akasema sasa nitembee, na nikiweza, nikimbie. Mu mutaa yetu kuko mama mumoja mushonaji, mukubwa wa mwili, sauti yake inaweza kuamusha mutaa yote. Jumamosi asubuhi anaongoza bantu mu footing, mbio ya mazoezi. Munatuona, tunapita na nyimbo na makofi, na munatutukana mu vitanda. Mama anaita, "Nani anachoka?" Bantu wanajibu, "Si siye!" Anaita, "Tunaenda wapi?" Wanajibu, "Mbele!" Miye nilizania ni furaha tu. Kumbe ile mama hakimbii mbele, anakimbia kando, na sikio yake iko ku ba nyuma. Sauti moja ikikosa mu jibu, anapunguza mbio. Haulizi ni nani. Anapunguza tu, mupaka ile sauti irudie.

Mara ya kwanza sauti yangu ilikosa mbele ya kufika ku kona. Lakini hawakuniacha. Haba na haba hujaza kibaba. Sukari ikashuka, tumbo ikashuka, dokta akaanza kunisalimia na tabasamu.

Kisha ikaja habari ya parke. Munajua ile parke ya michezo, yenye iko na roue kubwa ya kupandisha batoto hewani, na tembo ya simenti. Benye parke walitangaza mashindano ya familia: kukimbia kuzunguka parke yote, mara na mara, kati ya michezo, na kila mwenye anamaliza anapata medali. Kikundi yetu ikajiandikisha. Nikaambia kaka yangu. Akasema, "Nitakuja kuona." Alikuwa mufupi wa maneno, lakini nilijua ufunguo itakuwa mu mufuko yake.

Wiki ile, hapa hapa, mama mumoja akasimama akasema, "Ndugu yetu anaenda kukimbia juu ya mukate ya batoto wake. Tufunge, tangu mangaribi mupaka amalize." Bote mukasema amina. Nililia. Muntu kukuombea, sawa, lakini muntu kukubebea njaa ni kitu ingine.

Asubuhi ile bibi yangu alikuwa anafunga, na miye pia. Moto haikuwashwa. Akaniwekea dawa mu kiganja na maji kidogo, juu dokta alisema dawa isikose hata siku moja. Alisema pia tuimeze na chakula, lakini ile sehemu ya maneno yake tuliona ni ndogo. Na nitakula bukari, ile ugali yetu, namna gani, wakati ba mama wazee banalala na njaa juu yangu? Nilisikia haya. Mungu hakuniambia nisikule. Ni haya njo iliniambia.

Tukaanza kukimbia. Kuzunguka kwa kwanza nilikuwa muzuri, nikapita mbele ya kaka yangu, mikono amekunja, nikamupungia. Ya pili, jasho ikaanza. Njaa yenye nilikuwa nayo ikapotea, mahali pake ikaja kutetemeka. Nikajiambia ni woga ya kuangaliwa. Nikakaza meno. Kila nikipita, ninaona macho ya kaka yangu ku miguu yangu, haiko ku uso. Nilijua nikisimama mbele yake, kamyo imekwenda.

Muziki ya michezo ya batoto ikaanza kuongezeka mu kichwa. Tukageuka chini ya roue, na mbele yangu ile tembo ya simenti ilikuwa katikati ya barabara. Nikatafuta freni na muguu.

Mama mushonaji akaita, "Tunaenda wapi?"

Bote, "Mbele!"

Miye nikajibu, "Lukafu."

Bantu wakacheka. Yeye hakucheka. Akapunguza mbio, akakuja kando yangu, akaita tena, pole pole, "Papa, tunaenda wapi?" Nikamujibu, "Mahindi imelowa." Pale pale akainua mukono na kikundi yote ikasimama katikati ya njia. Benye walikuwa nyuma yetu walitutukana vizuri.

Kuanzia hapa ninasema maneno ya benye waliona. Miye nilikuwa pale na sikuwa pale.

Nilikaa chini. Nguo yote imelowa. Mutoto mumoja mwanamuke wa kikundi, mwenye hakujua habari yangu, alikimbia kwa muuzaji, akarudia na chupa ya sucré, akataka kuniwekea ku mudomo. Mikono ikamukamata. "Acha! Iko na ugonjwa ya sukari, unataka kumuua?" Mikono ilikuwa mingi, na imoja ni ya papa mumoja wa kanisa hii, simutaji jina, lakini namuona anainamisha kichwa. Papa, usijali. Ulifanya vile tulikufundisha.

Kaka yangu akafika, anasukuma bantu. "Mumumwangie maji. Sukari hapana, mumesikia? Sukari hapana." Wakanimwangia maji. Wakanipepea na kofia. Bengine wakaanza kuomba kwa sauti. Na miye ninaendelea kupotea, kidogo kidogo, macho imefunguka na haioni. Ile chupa ilikuwa mu mukono ya kaka yangu, karibu sana, ningeweza kuigusa.

Bibi yangu alikuwa ku mulango ya parke. Alipofika hakupiga kelele. Alipiga magoti, akaniweka mukono ku shingo. Jua ilikuwa kali, bantu bote banawaka, na miye jasho yangu ilikuwa baridi.

Alikumbuka maneno ya mama muuguzi wa hospitali. Yule mama alimuambia siku moja, haraka haraka mu kolido, kati ya vyumba, "Hii ugonjwa iko na milango mbili. Sukari ikizidi inaua, na ikikosa inaua pia. Ukiona anatetemeka, jasho baridi, anasema maneno ya ovyo, na angali anaweza kumeza, usingojee muntu. Mupatie kitu ya tamu." Alisikia ile maneno mara moja tu. Je, alisikia vizuri? Hakuna wa kumuuliza.

Na munajua mambo ya kwetu. Mwanaume akikufa mu mikono ya bibi yake, swali ya kwanza ya jamaa haiko "amekufa na nini?" Ni "ulimupatia nini?" Na jamaa yangu ilikuwa imesimama pale, imeshika chupa.

Akanyoosha mukono. "Shemeji, nipatie."

Kaka yangu akasema, "Mama, ukimunywesha hii, na akikufa, utatujibu nini?"

"Nitajibu, ni miye nilimunywesha. Nipatie chupa."

Kaka yangu alimuangalia, akaangalia miye, akampatia. Bibi yangu akaniinua kichwa, akaniwekea tone tone mu mudomo, anangoja nimeze, anaongeza. Bantu wengine waligeuza uso, hawakutaka kuona. Kulikuwa mwenye alisema, "Amemumaliza." Alisikia, na hakuacha.

Miye kitu ya kwanza nilisikia ni utamu. Kisha nikaona vidole vyake. Nikauliza juu ya nini nimelowa. Hapo njo akaanza kulia, mwili yote, na Mama mushonaji akamushika mabega.

Siku ile medali sikupata. Walinipitisha ku mustari ya mwisho mu gari, nikielekea hospitali. Kaka yangu alirudia na ufunguo mu mufuko. Dokta hakunitukana, na ningependa anitukane. Alisema, "Papa, dawa inatoa sukari, mbio inatoa sukari, na weye haukutia kitu. Gunia yenye inatobolewa pande mbili itabaki na nini?" Akapanga dawa upya, akatuambia saa ya kukula na kitu ya kubeba njiani. Safari hii tulisikiliza sehemu zote.

Nilisikia haya kurudia mu footing. Nilizania watanicheka. Jumamosi moja wakasimama mbele ya mulango yangu, bote, wakaimba mupaka jirani akatoka kuniambia niende tu, alale. Nikatoka. Tukaanza tena kutoka ile kona ya kwanza.

Parke ilipotangaza mashindano ingine, asubuhi nilikula mbele ya kumeza dawa. Nilikula vizuri, na bengine wenu muliona vibaya, mukasema imani yangu imepunguka. Nilisikia, na nikaongeza kijiko. Bibi yangu alisimama ku kila kona na chupa yake, kama polisi mwenye amebadilisha kazi. Tulimaliza kati ya ba mwisho, tunaimba. Kaka yangu alikuwa ku mustari. Akanitia ufunguo mu mukono. Kisha akaenda kwa bibi yangu, na mbele ya bantu bote akamuomba musamaha juu ya swali yenye alimuuliza. Leo ninaenda Lukafu tena.

Ninashukuru dokta na mama muuguzi wa kolido. Ninashukuru Mama mushonaji, mwenye alisikia sauti moja imepotea kati ya sauti mingi. Ninashukuru ninyi, mulifunga juu yangu na mioyo mizuri. Na bibi yangu, sijui neno ya kumupatia. Aliogopa kupita siye bote, na hakungojea woga iishe.

Ndugu zangu, nabaambia, kufunga ni muzuri. Sikuja hapa kuivunja. Lakini Mungu anajua dawa yenye ulimeza asubuhi. Haya yako njo haijui.

Leo ni siku ya kufunga, tunajua bote. Miye nilimeza dawa, na saa yangu ya kukula imefika. Niko na ndizi na karanga hapa. Nitakula mbele yenu, mu kanisa. Mwenye anaona vibaya, dirisha iko pale, aangalie inje.

Lakini sitaki kukula peke yangu. Najua kuko muntu hapa mwenye amemeza dawa ya sukari na hajatia kitu ku tumbo, juu anasikia haya ya muntu mwenye amekaa kando yake. Simujui. Asimame tu, akuje. Tunamungojea, hakuna haraka.

Naam. Mama, kule nyuma. Asante. Weye kijana, usimuvute nguo, mwachilie mama yako apite. Mumupatie njia.

Kuja, Mama. Kaa hapa karibu na miye. Kula.