Alama ya Ndani ya Mzinga

Bwana asifiwe, wapendwa! Nasema tena, asifiwe sana! Wazee wangu, shikamooni. Mimi ni Tabitha, binti wa Mzee Elia wa mizinga. Wengi mnanijua kwa ile steshenari ya sokoni hapa Mitundu, ninakochapa kadi zenu za harusi na kuwagombeza kwa kuchelewa. Leo sikuja kugombeza mtu. Nimekuja kusema Bwana alivyonitoa.

Ndugu zangu, naikumbuka sana miaka ile baba alipokuwa mzima. Jumamosi tulikwenda porini, mimi na kamba begani, yeye mbele akipiga mluzi kumwita mlembe, yule ndege anayeonyesha nyuki walipo. Ndege akijibu, baba anacheka: "Haya mzee, tangulia, mgao wako upo." Nilikuwa nasikia raha hadi nasahau njaa. Kila mzinga aliuchonga alama ya ukoo wetu kwa nje, mistari miwili na duara. Kisha akachonga nyingine ndani ya mfuniko. Nilipouliza ya ndani ni ya nini, akasema, "Mwizi hukwangua ya nje tu, mwanangu. Hana muda."

Nilipojifunza kompyuta nikatengeneza mchezo wa porini kwenye jukwaa moja la mtandaoni, ambalo mtu yeyote anatengeneza mchezo wake na wengine wanaucheza. Mchezaji anatundika mizinga, anamfuata mlembe. Mluzi na sauti ni vya baba mwenyewe. Nilimrekodi uani, anaona aibu kama bwana harusi! Mwaka uliofuata kiharusi kikampiga. Ulimi ukafungwa, midomo ikakataa mluzi. Simu niliyomrekodia ilikuwa imeshakufa. Sauti ya baba ikabaki ndani ya mchezo ule tu, kwingine popote duniani haipo. Kila Jumapili baada ya ibada nilimfungulia, naye akasikiliza amefumba macho.

Na mimi hazina hiyo nikaichezea! Mchezo wangu ulikuwa na wachezaji wachache, nami nikatamani sifa. Nikaona kwenye kundi moja watu wanagawiana nakala za michezo ya wenzao. Nikachukua mmoja mzuri wa upishi, nikafuta jina la mwenyewe, nikaandika langu, nikaupandisha kwenye akaunti ile ile. Watu wakamiminika. Nikapongezwa, kichwa kikavimba, hata mazoezi ya kwaya nikaanza kuyakwepa.

Wiki ya tatu nafungua, akaunti imefungwa. Mwenye mchezo amelalamika, na jina lake lilikuwa limebaki kule ndani kabisa, kwenye maelekezo yanayouendesha mchezo, ambako sikufika kufuta. Alama ya ndani! Mimi, mtoto wa mrina asali! Na akaunti ilipofungwa michezo yote ikaondoka nayo, ule wa wizi na ule wa baba. Nililia, ndugu zangu, hadi wateja wakadhani nimefiwa.

Jumapili ikafika. Baba akanyoosha mkono wake mzima kudai simu. Nikashindwa kudanganya, nikapiga magoti nikaeleza yote. Mama akashika kiuno. "Yaani umekwangua alama ya mtu? Wewe? Wa nyumba hii?" Baba hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma. Aliokota kijiti akachora chini mistari miwili na duara, taratibu. Akaifuta kwa kiganja. Akanitazama, kisha akanipa mimi kijiti. Nikaichora upya huku machozi yanadondoka. Akaitikia kwa kichwa.

Hapo Bwana akanishika! Nikamwandikia mwenye mchezo, mama mmoja wa Iringa. Sikujitetea. Nikasema nimeiba, nimefuta jina lako, nisamehe hata kama akaunti hairudi. Jibu lake la kwanza lilikuwa la moto, na nilistahili. Nikatangaza kwenye kundi lile lile, kwa jina langu kamili, kwamba mchezo ule ni wake. Nikafunga na kuomba. Baada ya siku kadhaa akauliza kwa nini nimejianika hivyo, nikamsimulia habari ya kijiti. Akaandika: "Nimeondoa malalamiko yangu. Msalimie mzee." Wenye jukwaa wakaifungua akaunti na kunipa onyo kwamba nikirudia, ndiyo basi. Michezo ya watu nimeiacha, na haleluya, sitairudia!

Ndugu yangu, kama jina lako limekaa juu ya kazi ya mwingine, lirudishe la mwenyewe leo. Usiogope aibu. Mtumaini Bwana, mimi alinipokea nikiwa na aibu yangu yote.

Baba yule pale, benchi la mbele. Jumapili iliyopita nilimfungulia mchezo. Mluzi ukalia, ikafuata ile sauti: "Haya mzee, tangulia." Baba akakunja midomo akapuliza. Mluzi haukutoka, ulitoka upepo tu. Akapuliza tena. Na asubuhi hii, wapendwa, tukiwa njiani kuja hapa, nilimsikia nyuma yangu bado anajaribu. Nisaidieni kumshukuru Mungu!