Froukje Sinnema: Miaka Thelathini na Minne ya Kuuliza Bei Kamili

Ijumaa tarehe 28 Juni 2024, saa kumi jioni, Bi. Froukje Sinnema atafunga kabati lake kwa mara ya mwisho. Atakuwa amekitumikia Chama cha Madereva wa Eemland kwa zaidi ya miaka thelathini na minne, na kuanzia Jumatatu tarehe 1 Julai atakuwa mstaafu. Hotuba amezikataa zote. Alichokubali ni ukurasa huu mmoja wa ratiba ya hafla, kwa sharti kwamba usiwe na uongo ndani yake. Kazi ya kuuandika nimepewa mimi, Marloes Kuipers, mpangaji wa kurasa za gazeti letu la wanachama, kwa kuwa meza yangu imetazamana na yake kwa miaka ishirini na miwili.

Froukje aliingia ofisi hii ya Amersfoort tarehe 2 Aprili 1990, akitokea Sneek, ili apokee simu za malalamiko. Baada ya mwaka mmoja aligundua kwamba nusu ya wenye kupiga simu hawakuwa na malalamiko yoyote. Walikuwa na wivu. Walitaka kujua kama ni kweli jirani wa Ubelgiji anakodi gari la kifahari kwa bei ndogo kuliko wao. Hakuna aliyejua jibu, na Froukje si mtu wa kulala na swali lisilo na jibu. Mwaka 1991 akatoa jedwali la kwanza: gari moja, lile kubwa jeusi la Kijerumani lenye milango minne na viti vya ngozi, mkataba wa miezi arobaini na minane, kilomita elfu ishirini kwa mwaka, katika nchi kumi na moja. Tangu hapo jedwali limetoka kila mwezi wa Mei bila kukosa.

Namna yake ya kufanya kazi mnaijua. Hakutegemea vipeperushi wala tovuti. Alipiga simu mwenyewe nchi zote kumi na moja, akiwa na fomu mbele yake na penseli sikioni, na wala hakujifanya mteja. Alisema ukweli: "Ninalinganisha." Wauzaji wengi walikata simu. Aliwapigia tena kesho yake, saa ileile. Muuzaji mmoja wa Milano, Bwana Ottavio, alianza kwa kumfokea na akaishia kumtumia keki ya Krismasi kila mwaka. Nimeyasikia mazungumzo yao mara ishirini na mbili, maana Froukje huweka simu kwenye spika ili mikono iwe huru kuandika.

"Mama Froukje! Mwaka huu ndiyo unachukua gari?"

"Bado nalinganisha, Ottavio. Bima vipi? Bado inategemea mtu anakaa mkoa gani?"

"Ah, mama, wewe utanizika mimi kabla hujatia saini!"

Gari hilo hakuwahi kulichukua. Anakuja kazini kwa baiskeli kutoka nyumbani kwake Leusden, mvua inyeshe isinyeshe, na mnyororo wa baiskeli yake unalia kiasi kwamba tunamsikia akiwa bado kwenye daraja la pili la njiani. Saa sita kamili anafungua kopo lake la mkate na jibini, anakunywa maziwa ya mtindi, na saa sita na dakika ishirini anakunja kitambaa. Mara moja mkurugenzi mpya alimwalika kikao cha saa sita na robo. Alikuja na kopo lake, akala mbele ya wote, akauliza maswali mdomo ukiwa umejaa.

Urithi wake mkubwa ofisini, hata hivyo, ni keki ya kosa. Kwetu mwenye siku ya kuzaliwa ndiye anayewanunulia wenzake keki, na Froukje aliona kwamba desturi hiyo inafaa zaidi kwa makosa, ambayo hayaji mara moja tu kwa mwaka. Akatunga sheria: kosa lako likichapishwa, unaleta keki, unasimama, unalisema kosa lako kwa sauti, ndipo unakata. Hukati kabla hujasema. Nimemwona mhasibu wetu akisimama na kisu mkononi kwa ajili ya nukta moja iliyokosewa. Lakini nimeona pia kwamba tangu sheria hiyo ianze hakuna anayeficha kosa hapa, maana kila mtu ameshakula keki ya mwenzake.

Sasa nifike mwaka 2011, kwa sababu ukurasa huu bila mwaka 2011 ungekuwa uongo.

Mwezi wa Februari ilifika barua kutoka Enschede, mpakani kabisa. Mwandishi alikuwa Bwana Bennie Lansink, mwenye kampuni ndogo ya mazishi, na tawi upande wa pili, Gronau, Ujerumani. Mtu wa mazishi anahitaji magari makubwa meusi, na Bennie alikuwa amekodi mawili. Angeweza kuyakodi Enschede. Aliyakodi kupitia Gronau kwa sababu jedwali letu lilisema Ujerumani ndiyo nchi nafuu kuliko zote kumi na moja. Miaka miwili baadaye alikuwa amemwachisha kazi dereva mmoja na alikuwa anafikiria kulifunga tawi. "Sikulaumu, bibi," aliandika, "ila naomba unioneshe ni wapi mimi ni mjinga."

Froukje alipanda treni siku iliyofuata. Alikaa na Bennie kwenye chumba cha kupokelea wafiwa, karatasi zimetandazwa mezani katikati ya sampuli za kadi za rambirambi, tangu asubuhi mpaka giza. Bennie amenisimulia mwenyewe. Ilipofika alasiri Froukje alivua miwani, akasema, "Bennie, mjinga si wewe. Ni mimi."

Kosa lilikuwa hili. Hapa kwetu mtu akitaja bei ya kukodi gari kwa mwezi, ndani yake mna bima, matairi ya kiangazi na ya baridi, matengenezo, ushuru wa barabara, kila kitu isipokuwa mafuta. Tumezoea hivyo hata hatuulizi. Mjerumani akitaja bei, anataja gari tupu, na mengine unajua mwenyewe. Jedwali la zamani lilikuwa na safu iliyoitwa "Kilichomo", iliyoonesha bei ya kila nchi imebeba nini. Mwaka 2002, yuro ilipokuja na ukurasa ukapangwa upya, safu ile ilitolewa ili kupisha picha ya gari. Fomu ya simu ilinakiliwa kutoka kwenye jedwali, kwa hiyo swali nalo likatoka kwenye fomu. Hata Froukje, mwenye kuuliza kila kitu, aliizoea fomu mpya. Kwa miaka tisa tulilinganisha gari lililovaa na gari lililo uchi, tukawaambia watu kwamba la uchi ndilo nafuu.

Mkurugenzi wa wakati ule, Bwana Diederik Vaassen, alimwita ofisini. Mlango ulikuwa wazi na ghorofa nzima ilisikia; waliokuwapo hawajachoka kunisimulia.

"Froukje, dada yangu, tutarekebisha. Toleo la Mei, maelezo madogo pale chini. Nani atagundua?"

"Bennie Lansink atagundua."

"Watu hawasomi maelezo ya chini."

"Basi tuyaweke juu."

"Juu wapi?"

"Kwenye jalada."

"Jalada! Umepata wazimu? Wanachama watatukimbia. Na jina lako je? Miaka ishirini umelijenga!"

Froukje akaweka ufunguo wa kabati lake mezani kwa mkurugenzi. "Jalada, au ufunguo huu ni wako. Chagua kabla ya saa sita, maana saa sita nakula."

Saa sita kasorobo ufunguo ulirudishwa. Jalada la Mei 2011 halikuwa na picha ya gari lolote. Lilikuwa na maneno matatu, "Tulikosea miaka tisa", na chini yake jina la Froukje Sinnema. Siku lilipotoka alifika na baiskeli huku anaisukuma, kwa sababu alikuwa amefunga keki tisa za tufaha mbele na nyuma, moja kwa kila mwaka. Alisimama, akalisema kosa mara tisa, mwaka kwa mwaka, akakata.

Wanachama mia mbili na kumi na wawili walijitoa. Gazeti moja la mji lilimcheka, na hata hapa ndani jambo lile likapata jina: kosa la Froukje. Limeitwa hivyo miaka kumi na mitatu. Wafanyakazi wapya hufundishwa mashine ya kahawa iko wapi, halafu kosa la Froukje lilikuwa nini. Yeye alirudi kwa Bennie. Jumamosi nne mfululizo alikwenda Enschede kuupitia mkataba wa Bennie mstari kwa mstari, mpaka muuzaji akakubali kurudishiwa gari moja. Tawi la Gronau lipo hadi leo, na yule dereva alirudi kazini. Safu ya "Kilichomo" ilirudi pia, na sasa ni safu ya kwanza kabisa, kabla hata ya bei. Majira ya baridi yaliyopita ulipotolewa ushauri kwamba ifutwe kwa sababu skrini za simu ni nyembamba, Froukje alisema maneno manne tu: "Fanyeni skrini ziwe pana." Safu imebaki.

Mimi sikuwapo siku ya keki tisa. Nilikuwa nyumbani na binti yangu mchanga. Niliporudi kazini habari ilikuwa imeshapoa, nikalichukua jina la kosa kama lilivyokuwa, bila kuuliza. Ningeweza kuuliza. Sijui kama sikukumbuka au sikutaka kukumbuka, na nikisema zaidi ya hapo nitakuwa nimevunja sharti la ukurasa huu.

Aprili mwaka huu tulikuwa tunaondoa vitu kabatini mwake. Katika faili la mwaka 2002 nilikuta karatasi ya rasimu ya jedwali. Safu ya "Kilichomo" ilikuwa imepigwa mstari mwekundu kutoka juu mpaka chini, na pembeni pameandikwa: "Haina kazi, nchi zote ni sawa. Weka picha. M.K." Mwandiko ni wangu. Nilikuwa na wiki sita kazini, najiona hodari. Chini yake, kwa penseli ya Froukje, tarehe 14 Machi 2011: "Marloes ana mtoto wa wiki tatu. Hili nitalibeba mimi."

Nilikaa sakafuni. Nililia, na sioni haya kuliandika hilo kwenye ratiba ya hafla.

"Inuka, sakafu baridi," alisema Froukje.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Karatasi ilipita mezani kwangu, nikatia saini. Kosa lililopita mezani kwangu ni langu."

"Ni langu pia!"

"Ni lako pia, ndiyo. Sasa nipe hilo boksi."

Hajalitaja tena, na ameniomba nisilitaje. Nimefanya kazi naye miaka ishirini na miwili na hii ni mara ya kwanza ninamkatalia.

Froukje, tunakushukuru kwa majedwali thelathini na manne, kwa simu ulizokatiwa na ukapiga tena, kwa kutuonesha kwamba bei isiyosema kilichomo si bei. Ottavio ameomba namba yako ya nyumbani. Anasema hajakata tamaa. Nje ya ukumbi yupo Bennie Lansink na lile gari kubwa jeusi, ambalo hujawahi kulikalia hata siku moja, tayari kukufikisha Leusden. Si la jeneza, ametuhakikishia, ni la wafiwa. Najua utamuuliza safari ina nini ndani yake, kwa hiyo nakujibu mapema: mna dereva, yule aliyerudi kazini, na baiskeli yako itafungwa nyuma. Uwe na afya, Froukje, uwe na mvua chache njiani, na ulinganishe chochote upendacho.

Kabla ya gari kuondoka, wote mnaombwa mbaki ukumbini. Kwenye meza ya mbele kuna keki tisa za tufaha. Nimezileta mimi. Kisu nimekishika tayari, na sheria ya Froukje inajulikana, hivyo nasimama niseme: mwaka 2002, safu ya "Kilichomo" niliikata mimi, Marloes Kuipers. Kuanzia leo kosa lile liitwe kwa jina langu.