Uvimbe Niliodhani Umetumwa

Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu, shikamooni. Wanajumuiya wenzangu na wageni wetu mliopanda kutoka ziwani, nawasalimu.

Nafasi hii nimeiomba mwenyewe. Mwenyekiti aliniuliza kama nina hakika, nikamwambia ninayo, maana nilichokosea nilikikosea mbele ya macho yenu, hapahapa.

Mtakumbuka mwezi wa tatu mvua ilivyotushika huku Kingerikiti. Nilikuwa mteremkoni nachimba ngoro. Ninyi wageni, ngoro ni yale mashimo mnayoyaona milimani kwetu. Maharage tunapanda kwenye matuta yanayoyazunguka. Udongo ulikuwa unateleza. Nikainua jembe, mguu wa kulia ukaserereka, jembe likashuka juu ya mguu wa kushoto, karibu na kifundo. Nilikaa chini kwenye matope nikatazama. Nyama ilikuwa imefunguka kama mdomo. Nikafunga kwa kipande cha kanga, nikajikokota nyumbani.

Mume wangu alisema twende zahanati. Nikamwambia nimechimba ngoro tangu nikiwa mtoto, hili si jembe la kwanza kunigusa. Nikaosha kwa maji ya mtungini, nikafunga tena, nikalala.

Kesho yake asubuhi mguu haukuwa wangu. Umevimba hadi juu ya kifundo, mwekundu, wa moto, ndala haiingii. Unapwita pamoja na moyo, pu, pu, pu. Ndugu zangu, nawaambia, maumivu niliyaweza. Kilichonitisha ni ule uvimbe. Nilijiuliza, jembe limekata mahali padogo, mbona mguu mzima umejaa? Na mbona haraka hivi?

Hapo ndipo shetani alipopata mlango. Siku mbili kabla ya kuumia, wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu aliyeolewa kule ziwani, alikuwa amekuja kwetu. Aliomba kahawa ikiiva avune miti michache aliyoipanda marehemu mama yao nyuma ya nyumba. Nikamkatalia. Nilimwambia aliyeolewa avune kwa mumewe. Hakugombana nami. Alichukua mkoba wake, akasema, "Haya, tutaona." Akaondoka.

Nikiwa nimekaa na mguu kama mhogo wa kuchemsha, neno lile lilinirudia. Tutaona. Nikasema kumbe ndiyo haya.

Nilitafuta mama mmoja anayesifika kwa dawa. Simtaji, naye alikuja kwa nia njema. Akaniambia damu mbaya imejikusanya, lazima itoke. Akanichanja chale kwa wembe kuzunguka uvimbe, akapaka tumbaku ya kusaga iliyochanganywa na mafuta ya taa. Nililia mpaka sauti ikakauka. Jumapili iliyofuata nikaletwa hapa kwa toroli, na baada ya sala nikasimama nikimshikilia mume wangu, nikasema mbele yenu kwamba wifi yangu amenitumia ugonjwa. Nililitaja jina lake. Mume wangu aliinamisha kichwa. Jioni nikampigia wifi simu nikamwambia aje achukue alichokileta. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakata.

Wiki haikuisha. Kidonda kikaanza kunuka kiasi kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nageuza uso. Usaha ukatoka, homa ikapanda, nikawa natetemeka juani. Kisha mume wangu akaona mstari mwekundu unapanda kwenye mguu kuelekea gotini. Hakuniuliza tena. Alileta bodaboda, nikawekwa katikati, dereva mbele, yeye nyuma ananishika kiuno, hivyo hivyo hadi Mbinga.

Hospitali walinichoma sindano, wakanitundikia maji ya dawa, tabibu akakata nyama yote iliyokufa. Alinieleza bila kunificha kwamba ningekaa nyumbani siku chache zaidi tungekuwa tunazungumza habari ya kukata mguu wenyewe. Nilikaa wodini nimegeukia ukutani. Kila walipokuja kusafisha kidonda nilijifunika kanga usoni. Siku ya kwanza hadi ya nane sikukitazama hata mara moja.

Nesi aliyekuwa akinisafisha ni mama wa makamo, mpole, lakini haogopi kumwambia mtu. Siku ya tisa nilimwuliza, hivi umewahi kuona uvimbe wa kutumwa ukapona? Akaacha kibakuli chake. Akaniuliza nimetumiwa na nani. Nikamweleza yote, na ile tutaona.

Akavuta kiti. Alianza kunieleza taratibu, kama mwalimu na mtoto wa darasa la kwanza. Jembe lilipokata, mishipa midogo ilijibana, damu ikaganda kuziba pengo. Hiyo kazi ilifanyika nikiwa bado nimekaa matopeni natazama. Halafu mishipa ya jirani ikafunguka ipitishe damu nyingi zaidi, ndiyo maana mguu ulikuwa mwekundu na wa moto. Ikaachia maji yatoke, na pamoja na maji chembe nyeupe za damu, ambazo kazi yake ni kula vijidudu na kuzoa nyama iliyokufa. Mahali palipojaa maji na chembe hizo ndipo palipovimba. Na yale maumivu yalinizuia nisikanyage, ili kazi ifanyike. Nikauliza, na usaha je? Akasema mwingi ni chembe hizohizo, zimekufa zikipigana.

Kisha akasema neno ambalo nitakufa nalo.

"Mama, huo uvimbe wa siku ya kwanza hukutumiwa na mtu. Ulitoka ndani yako, ulikuja kukusaidia. Wewe ukauchanja kwa wembe."

Wale vijidudu, alisema, waliingia na udongo wa jembe, na nikawaongezea milango kwa zile chale. Ningeosha kwa maji safi na sabuni, nikaenda zahanati nikashonwa na kuchomwa sindano ya pepopunda, huenda uvimbe ungeanza kushuka wenyewe baada ya siku chache.

Halafu akanitoa kanga usoni. Akasema leo utatazama.

Ndugu zangu, nilitarajia kuona uozo. Niliona chini ya kidonda vipunje vidogo vyekundu, vimesongamana, vinang'aa, vibichi. Alipogusa kwa pamba vikatoa damu kidogo, nami nikashtuka. Yeye akatabasamu. Alisema hiyo ni nyama mpya, ndani yake imejaa mishipa midogo sana iliyoota juzi, ndiyo maana inatoka damu upesi, na kidonda kinajengwa kutoka chini kuja juu. Akanionyesha pembeni, utando mwembamba wa rangi ya waridi unatambaa kuelekea katikati. Ngozi. Hakuna aliyeiagiza. Mimi nilikuwa nimelala nikilaani watu, na mwili wangu ulikuwa kazini mchana kutwa bila kunidai hata shukrani. Nililia, na safari hii si kwa maumivu.

Akifunga bandeji alisema nyama hiyo inajengwa kwa chakula, na anayeniletea maharage, mayai na usipa kila siku anajua anachofanya. Usipa, wale dagaa wetu wa Nyasa. Mimi nilidhani mume wangu anawanunua kwa akina mama wanaouza pale getini. Alipokuja nikamwuliza.

Akajikuna shingo. Akasema ni dada yake. Tangu siku niliyolazwa alipanda kutoka ziwani, amefikia kwa ndugu hapo Mbinga, anapika, analeta mpaka mlangoni, anampa yeye aingize. Aliogopa nikijua ni mkono wake sitakula.

Na ni kweli, nisingekula. Ningetupa.

Nikamwomba amwite. Wifi akaingia na kitenge chake cha bluu, akasimama mwisho wa kitanda. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba. Nikamwambia nilimsingizia, nikamwomba msamaha. Nilitegemea anikumbatie, kama tunavyopenda kusimulia. Hakufanya hivyo. Alitazama mguu, akasema, "Nimekusikia. Lakini ulinitaja mbele za watu. Hicho kidonda hakifungi leo, na mimi vilevile nipe muda."

Kesho yake alileta chakula akaingia nacho mwenyewe.

Kidonda kilichukua miezi minne. Niliporuhusiwa, nilikuwa naenda zahanati kusafishwa. Kingo zake zilivutana zenyewe kila wiki, shimo likapungua hadi likawa kama punje ya hindi. Kulikuwa na muwasho wa kutisha. Gaga, lile ganda la juu ya kidonda, lilipokauka vidole vilitaka kulibandua, nikawa naikalia mikono yangu. Kovu lilikuwa gumu, jekundu, limeinuka. Sasa limelainika na kupungua rangi, na nesi aliniambia mwili utaendelea kulipanga chini kwa chini kwa miezi mingi, ingawa halitafikia nguvu ya ngozi ya kwanza. Mpaka leo nikivua kiatu huwa nalitazama. Mimi niliyesoma darasa la saba tu, nimekuwa mtu wa kustaajabia mguu wake.

Kahawa ilipoiva nilimpigia wifi simu. Nikamwambia miti ya mama yao inamngoja, na si mwaka huu tu. Alikuja na ndoo yake. Tulivuna siku nzima, yeye upande huu wa mti, mimi ule, tukazungumza habari za watoto. Jioni aliniambia nivue kiatu. Akalipapasa kovu kwa kidole gumba, akasema limefunga vizuri.

Basi, mlinisikia nikimshtaki; naomba mnisikie pia nikikana. Yeye ni mmoja wa wageni waliokaa hapa. Wifi yangu, hukunifanyia ubaya wowote. Nilikusingizia, na kila aliyebeba maneno yangu kwenda nayo nyumbani kwake, naomba leo ayatupe.

Namshukuru mume wangu aliyeacha kuniuliza akaleta pikipiki. Namshukuru dereva, tabibu, na yule nesi aliyevuta kiti, maana angeweza kunicheka akaendelea na kazi. Namshukuru Mungu aliyeuweka mwilini ufundi huu hata kabla sijajua kusema asante. Na wewe wifi, kwa kila sahani.

Wenzangu, somo langu ni fupi. Ukiumia, osha kwa maji safi na sabuni, uende zahanati siku hiyohiyo. Ukivimba siku za mwanzo, mwili unakutumikia, uache wembe. Lakini uvimbe ukizidi kukua badala ya kupungua, ukiona harufu, homa, au mstari unapanda, mwili unaomba msaada. Usiutafutie mchawi, utafutie usafiri. Na kama humu ndani yupo aliyekificha kidonda chini ya kanga au suruali, anione tukimaliza sala. Nitamsindikiza mwenyewe, kwa miguu.