Historia ya Dada Yetu, Aliyepanda Mchaichai Kwenye Makopo ya Rangi

Mchungaji, majirani, wafanyakazi wenza wa marehemu na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kutusindikiza, kabla sijasoma historia ya dada yangu naomba mnivumilie nisahihishe historia nyingine, kwa sababu miaka kumi na mitano iliyopita nilisimama mbele ya wengi wenu na karatasi kama hii, nikasoma historia ya shemeji yangu, mume wa marehemu, na nilipofika kwenye kifo chake nikasoma kwamba ngazi iliteleza. Ngazi haikuteleza. Nilikuwa nimeishika mimi, nikaiachia. Niliiachia kwa nini, na dada alifanya nini na habari hiyo, nitasema nikifika mahali pake, maana yeye mwenyewe aliniagiza nisiruke hatua, nianze na kuzaliwa kama wanavyoanza watu wote.

Marehemu alizaliwa Jumatatu tarehe 14 Agosti 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mbao ambako baba yetu alikuwa mlinzi, akiwa wa kwanza kati ya watoto watatu, wa katikati akafariki akiwa mchanga na mimi nikafunga hesabu. Mama alikuwa akisema kwamba binti yake aliichagua Jumatatu kwa makusudi, kwani hakuwahi kupenda kuanza kazi katikati ya juma.

Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1969 hadi Novemba 1975, kisha akaomba mwenyewe kwenda chuo cha ushonaji cha masista, baba akinuna na mama akifunga mizigo, na huko alikaa hadi Desemba 1978 akapata cheti na jina ambalo wengi wenu mnalijua kuliko jina lake la ubatizo, yaani Mkasi, kwa kuwa alikata kitambaa bila kuchora chaki, na maneno ya watu aliyakata vivyo hivyo. Mimi mdogo wake ndiye niliyeuonja mkasi huo zaidi ya wote, maana tangu utotoni aliniambia kwamba mdomo wangu ulizaliwa kwanza, na akili ikaja nyuma kwa miguu.

Tarehe 3 Septemba 1979 aliajiriwa katika kiwanda cha kushona sare za shule na za hospitali, akawekwa kwenye meza ya kola, na mwaka 1990 akawa msimamizi wa meza hiyo, akiwafundisha wasichana wapya kwamba kola ishonwe kwa heshima, maana watu wakigombana hapo ndipo wanapokamatana.

Mwaka 1983 alikuja kiwandani kijana fundi wa rangi kupaka bwalo la chakula, na ukuta mmoja, ule unaotazamana na meza ya kola, akaupaka mara tatu, mpaka msimamizi wa majengo akauliza kama ukuta ule ulikuwa unakunywa rangi. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 8 Desemba 1984, Mungu akawajalia binti mwaka 1986, ambaye sasa ni mwalimu, mtoto wa kiume mwaka 1988, ambaye ni dereva wa lori na amesafiri usiku kucha kufika hapa, na kitindamimba wao mwaka 1992, yule pale mbele mwenye mtoto mgongoni, na kwa jumla marehemu ameacha wajukuu watano.

Sasa nimefika mahali pake. Jumamosi tarehe 21 Machi 2009, shemeji alikuwa akipaka ukuta wa mbele wa duka la ghorofa moja lililo karibu na zahanati, nami nilikuwa chini nimeshika ngazi, kwa sababu sakafu ya pale ni ya vigae, na yeye aliniambia waziwazi, shemeji, leo kazi yako ni moja tu. Simu yangu ikalia, mtu akiuliza kama baiskeli yangu bado naiuza, na mimi, Mungu anisamehe, niliachia ngazi kwa mikono yote miwili, mmoja wa kushika simu na mwingine wa kuonyesha bei hewani, kana kwamba yule mtu ananiona. Shemeji alianguka nayo, akafia njiani kabla ya kufika hospitali. Mlangoni kwa dada watu waliniuliza imekuwaje, nikasema ngazi imeteleza, na neno hilo lilipotoka likapata miguu, likaenda msibani, likaingia kwenye karatasi, na mimi nikalisoma kwa sauti nzuri.

Baada ya hapo dada hakulala. Mikono yake ilitetemeka hata uzi haukuingia kwenye tundu la sindano, kola zikawa zinarudishwa mezani kwake zimepinda, akiona ngazi barabarani alivuka upande wa pili, na mwisho kiwandani wakamhamishia chumba cha vifungo, yeye aliyewafundisha wote. Daktari wa zahanati alimpa vidonge vya usingizi, akamwelekeza pia kwa mama mshauri nasaha, na Jumatatu tarehe 11 Januari 2010 akaanza kwenda. Sisi ndugu tulimsema, na mimi nilikuwa wa kwanza, nikamwambia, dada, mambo ya kukaa na mtu umweleze ya moyoni ni ya wagonjwa wa akili, sisi tuna maombi. Akanijibu kwamba na huyo mshauri aliumbwa na Mungu huyohuyo, na Mungu akimtuma mtu kazini si vizuri kumzuia mlangoni.

Chumba cha mshauri kilikuwa zamani stoo ya zahanati, kina viti viwili vya plastiki, birika la umeme juu ya kabati la faili, na dirisha linalotazama kamba za kuanikia mashuka. Mwanzoni dada alikaa humo akalia tu, au akanyamaza, ndipo mshauri akaanza kumwekea kikombe cha mchaichai na maua ya kamomili, akimwambia akishike kwa mikono miwili, avute mvuke wake taratibu, anywe kidogo, na neno likikwama asilivute, arudi kwenye kikombe. Kabla ya kikombe cha kwanza alimwandikia daktari kuuliza kama majani hayo yanapatana na vile vidonge, na alimwambia dada maneno ambayo baadaye dada aliyarudia mpaka tukayachoka: mama, hiki kikombe hakina mdomo, mdomo unao wewe, chenyewe kitakutuliza tu ili uweze kusema.

Dada akayapenda majani hayo. Aliyachukua makopo ya rangi aliyoyaacha mumewe, akayasugua kwa mchanga, akayatoboa kwa msumari, akapanda mchaichai, kamomili na lavenda, akayapanga chini ya dirisha la jikoni, na kila Alhamisi, siku aliyopangiwa kwa mshauri baada ya ile Jumatatu ya kwanza, alichuma, akachemsha, akatia kwenye chupa ya chai akaenda nayo. Akaanza kulala kidogo. Akaanza pia kukumbuka maneno niliyomwambia mlangoni. Mwezi wa Mei aliniuliza, tukiwa tunamenya viazi, mdogo wangu, ile ngazi ilitelezea upande gani, wa mlango au wa dirisha, nikasema wa mlango, na wiki iliyofuata aliniuliza tena, nikasema wa dirisha. Aliendelea kumenya.

Hapo ndipo nilipoingiwa na hofu, nikafanya la pili ambalo ni baya kuliko la kwanza, kwa kuwa la kwanza lilikuwa uzembe na hili lilikuwa la kusudi. Nilikwenda sokoni kwa muuza mizizi, nikamwambia nina mgonjwa asiyetulia, akanifungia unga fulani akisema hata fahali atalala, nami Alhamisi tarehe 17 Juni 2010, dada akiwa anavaa, nikautia kwenye chupa yake. Nilijidanganya kwamba namsaidia apumzike. Akanywa kikombe kimoja jikoni kabla hajatoka, juu ya vidonge vyake, akaanguka kutoka kwenye kiti cha cherehani, akapasuka kipaji cha uso, na binti yake mdogo alimwita na kumtikisa asiamke.

Hospitali daktari akauliza amekunywa nini, na wote tukasema mchaichai. Ndugu wakaanza kumlaani mshauri, wakisema tuliwaambia, haya ndiyo majani yenu, na shangazi yetu alikuwa tayari ameshang'oa miche ya makopo mawili kabla ya kupanda gari. Mimi nilisimama kwenye korido nikiutazama ukuta, nikijua kwamba neno lingine limepata miguu, na kwamba safari hii mtu aliyeko kitandani bado anapumua. Nilikwenda nikamwambia daktari nilichotia. Hakunigombeza, alimwita muuguzi, kisha akafuta alichokuwa ameandika akaandika kingine.

Dada alipozinduka nilimweleza juu ya unga ule, nikamwomba radhi, nikasema nilitaka utulie, na yeye, kichwa kikiwa na bandeji na ulimi bado mzito, akaniuliza swali moja. Ulitaka nitulie, au ulitaka ninyamaze?

Alhamisi tarehe 1 Julai 2010 alinipeleka kwa mshauri. Kiti cha tatu kiliazimwa kwa mfamasia. Dada mwenyewe ndiye aliyemimina, akaniwekea kikombe mbele yangu, akaniambia, mchaichai, kamomili na maji, hakuna kingine, nikaelewa. Nikasema habari ya ngazi, ya simu, ya baiskeli, na ya mkono niliokuwa nikionyesha bei hewani. Wengine watapenda kusikia kwamba alinikumbatia. Hakunikumbatia. Alitoka nje akazunguka jengo lile, mshauri nami tukimwona akipita kati ya mashuka, akarudi, akakaa, akanywa chai yake iliyokuwa imepoa mpaka ikaisha, akasema, sasa najua ninaomboleza nini. Hakusema nami tena mpaka Krismasi, lakini kwa mshauri hakukosa hata Alhamisi moja, na yale makopo mawili aliyapanda upya.

Jumamosi tarehe 19 Machi 2011 alinipigia simu akisema niende pale dukani na ngazi. Nusu ya juu ya ukuta ule ilikuwa imebaki vilevile tangu shemeji alipoanguka, mwenye duka hakupata moyo wa kumwita fundi mwingine, na dada alikuwa amekuja na kopo la rangi, brashi ya mumewe, na chupa ya chai aliyoiweka chini kwenye kivuli. Alikunywa kikombe kimoja akiwa ameegemea ngazi, akanipa na mimi kimoja, kisha akapanda. Hatua za kwanza alizipanda polepole, akasimama, akavuta pumzi kama alivyokuwa akivuta mvuke, akapanda tena. Simu yangu ikalia mfukoni. Akauliza kutoka juu, nani huyo, nikasema sijui, akasema, na usijue. Akaupaka ukuta mpaka ukaisha, akashuka, akasema rangi ya mumewe ilikuwa imelala vizuri zaidi.

Mei mwaka huo alirudi kwenye meza ya kola, akafanya kazi hapo kwa bidii hadi alipostaafu tarehe 31 Agosti 2021. Katika miaka hiyo yote alipeleka baadhi ya makopo yake kwenye ukumbi wa kusubiria wa mshauri, akawachemshia waliokuja na huzuni zao, na akiulizwa kama majani ndiyo yaliyomponya alikasirika kidogo, akisema yangekuwa yanaponya yenyewe mbuzi wa jirani asingekuwa na huzuni kamwe, kwa jinsi alivyoyala.

Oktoba 2023 alianza kuumwa tumbo na kukonda, na tarehe 6 Novemba madaktari wakagundua saratani ya kongosho. Alitibiwa bila kulegea, kila alichokunywa alimwambia daktari, na walipokuja watu na chupa zao wakimhakikishia uponyaji aliwauliza kwa upole wametia nini, na wasipojua aliwaombea wafike salama nyumbani. Wiki mbili kabla ya kifo chake aliniita, akaniambia, utasoma wewe, na safari hii usome vizuri. Nikamwambia, dada, watu watanionaje. Akasema, watakuona, na hilo halijatokea bado. Alifariki saa nne asubuhi, Jumatatu tarehe 3 Juni 2024, watoto wake wote wakiwa wamekizunguka kitanda, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia mpaka dakika ya mwisho, mama mshauri, ambaye amestaafu na bado amekuja leo kwa fimbo yake, wafanyakazi wa meza ya kola walioshona wenyewe gauni alilovaa, majirani waliobeba maji na kuni, na kanisa lililokesha nasi. Wanawe wameyajua haya kabla yenu, na jinsi watakavyonitazama kuanzia leo nimewaachia wenyewe na Mungu.

Dada, umesema yote uliyotaka kusema, na mimi nimesoma kama ulivyoagiza, sasa pumzika kwa amani ya Mungu.

Nanyi ndugu zangu, nyuma ya nyumba, chini ya dirisha la jikoni, kuna miche kwenye makopo, chukueni mmoja mmoja, na siku utakapomwandalia mtu kikombe nakuomba mwambie umetia nini, kisha kaa umsikilize.