Karafuu Chini ya Kitanda cha Mama

Assalamu alaykum, ndugu zangu. Mimi Bi Mwanakombo wa hapa Wawi ni mtu wa kusema jikoni, si mbele za watu. Lakini niliweka nadhiri kwamba Mola akinivusha nitalisema jambo langu hadharani. Alinivusha miaka mitatu iliyopita, nami kwa haya nimechelewa mpaka leo.

Mnanijua. Ni mjane, naishi na mama yangu, na mama ana sukari. Dawa zake nanunua kwa ile ruzuku ya Serikali ya kaya zisizojiweza. Ikikatika, sijui. Wallahi sijui.

Katika mirathi ya mume wangu nilipata mikarafuu minne. Nanyi mwaijua mikarafuu: mwaka mmoja inazaa mpaka matawi yanainama, kisha inanuna, hupati hata ya kutia kwenye chai. Mwaka ule ilizaa. Mwingine angefurahi. Mimi sikufurahi, maana msimu huohuo ulikuja uhakiki: watu wa ruzuku wanapita nyumba kwa nyumba kuuliza nani kipato chake kimepanda, atolewe.

Ndugu zangu, hofu haina akili. Karafuu zangu zilikuwa uani kwenye majamvi, zimepata jua la siku moja tu. Niliposikia wahakiki wako kwa sheha, mkuu wa mtaa wetu, nikazizoa mbichi vilevile, nikajaza magunia mawili, nikayasukuma chini ya kitanda cha mama. Kisha nikakaa kungoja. Hawakuja siku ile, wala ya pili. Chakula hakikupita. Mlango wa jirani ukigongwa, mimi ndiye ninayeruka. Nikiswali, rakaa zinanipotea. Namwomba Mungu anisitiri, na papo hapo naupanga uongo nitakaousema.

Siku ya tatu akaja binti mmoja mpole na fomu yake. Akaketi, akauliza, "Bi Mkubwa, mwaka huu umepata mavuno yoyote?"

Nikafungua kinywa. Kabla sijatoa neno, mama akaita kutoka chumbani, "Mwanangu! Hizi karafuu zatoa moto huku chini, kitwa chaniuma. Zitoe zende juani!"

Nilitamani ardhi inimeze. Nikalia. Nikampeleka yule binti chumbani, nikamfungulia magunia, nikamweleza yote. Karafuu zilikuwa za moto kama zimetoka jikoni, zimepauka, zimeanza kuvunda.

Hakunikemea. Akauliza, "Na mwaka jana ulipata nini?" Nikamwambia, sikupata kitu. "Na mwaka juzi?" Vilevile. Akaandika yote, kisha akasema, "Bi Mkubwa, kaya haipimwi kwa msimu mmoja. Lakini harufu nimeisikia tangu mlangoni. Ungekana, ningekuandika mwongo, na hapo nisingeweza kukusaidia. Sikuahidi kitu. Napeleka kama ulivyosema."

Nikangoja tena, wiki baada ya wiki, usingizi wa kuibia. Lakini sasa nilipoomba dua, nilikuwa naomba kweli. Orodha iliposomwa kwa sheha, jina langu lilikuwamo. Alhamdulillahi. Karafuu ndizo zilizoniponyoka: gunia moja nililitupa, la pili mnunuzi alilichukua kwa kunionea huruma. Wazee walisema mficha uchi hazai.

Kwa nini nimesimama leo? Kwa sababu mikarafuu imezaa tena, na wahakiki wanarudi wiki ijayo. Naogopa, siwafichi. Huenda safari hii wakanitoa. Dawa za mama zimebaki za siku chache. Lakini sitarudi chini ya kile kitanda.

Na ndugu zangu, humu ndani si mimi peke yangu. Harufu naisikia. Nendeni mkayakunjue majamvi, mwambieni Mungu ukweli, na mwenye fomu naye mwambieni. Mwaka wa neema ni wa Mola, na mwaka wa ukata ni wake pia. Zangu nimezianika mbele ya nyumba, kando ya njia, na mama amekaa hapo na kijiti chake anafukuza kuku.