Maji Moto ya Shirley

Tangu gari litoke Litein, Isaiah alikuwa hatulii kwenye kiti. Yeye ni fundi wa mabomba, na mbele yake mama mmoja na mzee Nganga, muuza simiti wa Sotik, walikuwa wakichagua hita ya maji ya kuoga bila kuuliza fundi.

Wiki iliyopita mvua ya mawe ilivunja vioo vya sola juu ya paa la mama huyo. “Weka shawa ya stima,” alishauri Nganga. “Stima ya kwetu, mzee? Wingu likitokea tu, imepotea.” “Basi boila ya kuni. Si mmetoka kukata matawi ya michai? Kuni iko tele.” “Moshi itashika nguo za Shirley.”

Ulimi ulimwasha Isaiah. Sola na stima huunganishwa pamoja, jamani! Akasogea mbele, akakohoa. Hakuna aliyegeuka.

“Kwani Shirley ni nani?” Nganga akamuuliza mama. “Msichana wangu. Yuko Nairobi. Krismasi alikuja, lakini hakulala. Alisema maji ni baridi.”

Nganga akakunja uso. “Lakini mama, Krismasi sola ilikuwa bado nzima.”

Mama akatazama nje. Mashamba ya chai yalipita, yakapita tena. Gari likasimama Sotik, naye akamgeukia Isaiah. “Kijana, naona umebeba spana. Ni gani inachemsha maji kabisa kabisa?”

Isaiah, aliyekuwa na jibu tangu Litein, akainama kutafuta mfuko wake wa spana chini ya kiti. Mfuko ulikuwa mapajani.